Ziwa ambalo Gregory hakuliona

Leo naomba tuzungumze kuhusu ziwa. Si Victoria, si Tanganyika, wala si lolote kati ya yale tuliyokaririshwa shule ya msingi. Ziwa lenyewe ni dogo, kiasi kwamba lingekuwa kijijini kwenu mngeliita bwawa la kunyweshea ng'ombe. Liko juu ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye kichwa cha bonde linaloitwa Teleki. Linaitwa ziwa la Lewis.

Cha kwanza kinachonishangaza kuhusu ziwa hili ni umri wake. Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza, John Walter Gregory, alipanda bonde hili na kufika kwenye mto mkubwa wa barafu. Hakuona ziwa. Hakuliona kwa sababu halikuwapo. Pale ambapo leo kuna maji palikuwa pamefunikwa na barafu nene. Ziwa limezaliwa baadaye, barafu iliporudi nyuma. Kwa hiyo kuna watu walioishi hadi utotoni mwetu ambao walikuwa wakubwa kuliko ziwa hili.

Linazaliwaje ziwa? Mto wa barafu hautulii. Unateremka polepole sana kwa uzito wake, na unapoteremka unakwangua mwamba kama randa ya seremala inavyokwangua ubao. Unachimba shimo la umbo la bakuli. Mawe unayoyang'oa unayasukuma na kuyarundika mbele yake na pembeni. Siku barafu ikiyeyuka na kurudi juu, bakuli linabaki wazi, rundo la mawe linakuwa ukingo, na maji yanajikusanya. Basi, una ziwa. Kwa lugha nyingine, ziwa la namna hii ni alama ya mguu wa kitu kilichokwisha kuondoka.

Hilo ni la jiolojia. Lakini mimi nilirudi kutoka huko na maswali ya historia, na hayo ndiyo ninayotaka kuyamwaga hapa.

Nilipanda Februari mwaka jana kwa njia ya Naro Moru. Unapita lango la hifadhi kwenye mita 2,400 hivi, unatembea kwenye msitu na mianzi hadi kituo cha hali ya hewa kilicho mita 3,050, halafu unakutana na kinamasi maarufu kinachopanda mlima. Ndiyo, kinapanda. Sisi watu wa nchi tambarare tumezoea kinamasi kukaa bondeni, huku kinaegemea mteremko na kukumeza mguu hadi goti. Baada ya hapo bonde la Teleki linafunguka, na mimea inaanza kukutania: mingine imesimama kama mtu aliyevaa koti la manyoya, mingine kama kabichi lililoota juu ya gogo. Pimbi wanakimbia kwenye mawe na kukukodolea macho kama wenye nyumba. Unalala Kambi ya Mackinder, mita 4,200, huku vilele vya Batian na Nelion vimekuinamia.

Asubuhi yake, kabla ya jua, tulianza kupanda kokoto kuelekea ziwani. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Nyeri ambaye ameufanya mlima huu kuwa shamba lake kwa zaidi ya miaka thelathini. Tulipofika, ukingo wa maji ulikuwa na utando wa barafu kama kioo cha dirisha. Maji ya kijivu, mawe ya kijivu, hakuna hata jani. Mzee akanionyesha kwa fimbo yake ukuta wa mwamba, mbali juu yetu.

“Kijana, nilipoanza kazi hii barafu ilikuwa inafika pale.”

“Pale kwenye mwamba mweusi, mzee?”

“Pale chini yake. Ulikuwa unaitembelea. Sasa unaiangalia tu.”

Nikamuuliza ziwa hili Wakikuyu wanaliitaje. Akacheka. Akasema wazee wake walikuwa wakiuelekea mlima huu wanapomwomba Ngai, hawakuwa na shughuli ya kuja kuhesabu vidimbwi vyake. Nikamuuliza tena, basi huyo Lewis ni nani? Akasema, “Hiyo waulize walioandika ramani.”

Nimewauliza. Na majibu ndiyo haya.

Lewis ni Henry Carvill Lewis, mwanajiolojia wa Marekani aliyechunguza athari za barafu za kale. Alifariki mwaka 1888, miaka mitano kabla Gregory hajafika hapa. Hakuukanyaga mlima huu wala hakuuona. Gregory aliupa mto wa barafu jina lake kwa heshima ya kitaaluma, na ziwa lilipozaliwa likarithi jina la mzazi.

Gregory alikuwa na tabia hiyo ya kugawa heshima. Mto mwingine wa barafu jirani unaitwa Tyndall, jina la John Tyndall, mwanafizikia wa Ireland. Huyu ana kisa chake. Mwaka 1859 Tyndall alionyesha kwa vipimo vya maabara kwamba gesi fulani hewani, ikiwamo kaboni dioksaidi, hufyonza joto. Ni moja ya misingi ya elimu yote ya leo kuhusu kupanda kwa joto la dunia. Kwa hiyo juu ya ikweta kuna barafu yenye jina la mtu aliyetusaidia kuelewa kwa nini barafu hiyo inakufa. Ungeandika hivyo kwenye riwaya mhariri angekwambia umezidisha chumvi.

Na Teleki, mwenye bonde? Huyu ni Samuel Teleki, kabaila wa Hungaria. Hapa nawaomba mkae vizuri, maana kisa hiki kinaanzia kwetu. Mimi ni mtu wa Tanga, na Pangani ni mwendo mfupi tu kusini mwetu. Msafara wa Teleki ulianzia Pangani, mwanzoni mwa mwaka 1887. Alikuwa na mwenzake, Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, ambaye ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha safari. Walikuwa na mamia ya wapagazi. Na walikuwa na mtu aliyejua njia: Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani.

Jumbe Kimemeta hakuwa mgeni Umasaini. Miaka michache kabla yake, Mskoti Joseph Thomson aliyesifiwa sana Ulaya kwa kuvuka nchi ya Wamasai alisafiri sehemu ya njia hiyo pamoja na msafara wa huyu huyu Kimemeta. Jamani, hebu tulitazame hili bila jazba. Mtu wa Pangani anakwenda Umasaini na kurudi kwa shughuli zake za biashara, anajua visima viko wapi, anajua hongo inalipwaje na kwa nani. Wageni wanaungana naye, wanafika, wanarudi kwao, wanaandika kwamba wamegundua. Mmoja bonde likaitwa kwa jina lake. Mwenye kujua njia hakupata hata jiwe.

Msafara ulipita Kilimanjaro, ukapita Ukikuyu kwa mapigano yaliyomwaga damu, na mwezi Oktoba 1887 Teleki akapanda upande wa magharibi wa Mlima Kenya hadi kwenye theluji. Hakufika kileleni. Alirudi, akaendelea kaskazini, na mwezi Machi 1888 wakafika kwenye ziwa kubwa lililozungukwa na mawe meusi. Wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wao. Ziwa lile lilikuwa na wenyewe na lilikuwa na majina, lakini kwa karibu miaka tisini dunia nzima ililiita Rudolf. Mwaka 1975 serikali ya Kenya ikalibadilisha jina, likawa ziwa Turkana.

Kwa hiyo ziwa kubwa lilikombolewa, bonde la mlimani likaachwa. Hata mmea mmoja wa bonde lile, ule wenye manyoya niliousema, kwa Kilatini unaitwa Lobelia telekii. Teleki alipita hapa siku chache tu. Kwenye ramani na kwenye vitabu vya mimea hajaondoka hadi leo.

Sasa tumfikie yule aliyepewa kambi.

Halford Mackinder alikuwa mwalimu wa jiografia Oxford. Mwaka 1899 alikuwa na haraka. Mjerumani Hans Meyer alikuwa amekwishapanda Kilimanjaro tangu 1889, na kulikuwa na habari kwamba anautaka na Mlima Kenya. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka huo huo wa 1899, na Nairobi yenyewe ilikuwa kambi ya mahema na mabati. Mwishoni mwa Julai Mackinder akaondoka hapo na watu 170: Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96, na Wamasai 2 wa kuongoza njia.

Neno “Waswahili” kwenye vitabu vya wageni wa enzi ile lilikuwa kapu la kila kitu. Ndani yake walikuwamo watu wa mwambao, watu wa Unguja, na watu wa bara waliokuwa wamehamia pwani au kuletwa huko kwa nguvu. Baadhi ya wapagazi waliosafiri kutoka Unguja miaka ile walikuwa watumwa, na sehemu ya ujira wao iliishia kwa mabwana zao. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi kichwani au begani. Hebu jaribu kuweka hiyo akilini: mtu aliyezoea joto la Ng'ambo au Mji Mkongwe, kilo 30, kwenye njia ya kuelekea theluji.

Safari ilikuwa ngumu. Chakula kilikwisha. Watu waliotumwa kukitafuta walishambuliwa na Waswahili wawili wakauawa. Ikabidi mmoja wa Wazungu apelekwe Naivasha kuomba msaada, na ofisa mmoja wa huko, Kapteni Gorges, akaja na chakula. Naye alilipwa: upande wa mashariki wa mlima kuna bonde zuri sana lenye maporomoko, linaitwa bonde la Gorges. Angalia ilivyo rahisi. Ulete unga, upewe bonde. Waliokuwa wakiubeba unga huo kila siku tangu Nairobi, kimya.

Tarehe 13 Septemba 1899, saa sita mchana, Mackinder alisimama juu ya Batian, mita 5,199. Alikuwa na watu wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, wapanda milima kutoka Courmayeur, Italia, aliowaajiri. Walikatiza mto wa barafu wa Lewis, wakalala kwenye mwamba, wakachonga ngazi kwenye barafu ngumu kwa shoka. Kazi ya kiume, simnyimi mtu haki yake. Na hawa waajiriwa wawili hawakusahauliwa: mlimani kuna mto wa barafu unaoitwa César na mwingine unaoitwa Joseph. Kwa hiyo msiniambie kwamba enzi zile haikuwa desturi kuwakumbuka waliofanya kazi kwa ujira. Desturi ilikuwapo. Ilikuwa na mpaka.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Mackinder aliandaa kitabu cha safari ile kwa kirefu, lakini hakukichapisha akiwa hai. Alifariki 1947. Kikatoka mwaka 1991, miaka 44 baadaye, kikiwa kimehaririwa na Michael Barbour. Ndipo watafiti wakaanza kuzungumzia orodha ya wapagazi wa msafara ule. Kwenye orodha hiyo, wapagazi wanane Waswahili wameandikiwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Mwanajiografia Gerry Kearns ameliandika jambo hili kwa kirefu na kuuliza maswali ambayo wenzake walikuwa wameyaruka kwa karne nzima.

Wanane. Kwa amri.

Mackinder hakuadhibiwa kwa lolote. Alirudi London akapokewa kama shujaa, akasoma taarifa yake mbele ya wataalamu wenzake, na maisha yakasonga. Kuanzia 1903 hadi 1908 alikuwa mkurugenzi wa London School of Economics. Alikuwa mbunge. Nadharia yake ya mwaka 1904 kuhusu nani atatawala dunia bado inafundishwa vyuo vikuu, na kama umesoma uhusiano wa kimataifa umefanyia mtihani. Mimi nimeufanya. Hakuna mhadhiri aliyetaja wapagazi.

Nimejaribu kuwa mwangalifu hapa. Msafara ule ulikuwa na njaa, wizi, watoro na hofu, na huenda kuna watakaosema zilikuwa nyakati tofauti. Sawa. Lakini hukumu ya kifo ni hukumu ya kifo. Mtu anatoka Unguja kwenda kubeba mizigo ya mwalimu wa jiografia, anapigwa risasi, na familia yake inabaki ikisubiri. Nani alikwenda kuwaambia? Waliambiwa nini? Hayo ndiyo maswali ya mwandishi wa habari yeyote anayejua kazi yake, na hata mwaka 1899 walikuwapo waandishi wa habari.

Turudi kwenye majina, maana kuna waliopewa.

Mackinder hakuvipa vilele vikubwa majina ya Kiingereza. Aliviita kwa majina ya ukoo wa laiboni wa Wamasai: Batian kutokana na Mbatian, laiboni mkuu, Nelion kutokana na ndugu yake, Lenana kutokana na mwanawe. Watu wengi wanausifu uamuzi huu, na hata mimi nilipousoma mara ya kwanza niliona angalau. Lakini endelea kusoma. Mwaka 1904 Waingereza walimfanya Lenana na viongozi wenzake watie alama kwenye mkataba wa kuhamisha Wamasai kupisha walowezi. Wengi walisogezwa Laikipia, kwa ahadi kwamba hapo ni pao daima. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, wakatolewa na Laikipia nayo. Lenana mwenyewe alifariki mwaka huo huo.

Laikipia ni uwanda ulioko magharibi ya mlima. Ukisimama huko asubuhi isiyo na mawingu unaviona vilele vyote. Maana yake ni kwamba wenye majina waliondolewa mahali ambapo wangeweza kuyaona majina yao. Ukipewa kilele usicholisha ng'ombe, na malisho yakachukuliwa, hiyo ni heshima gani?

Kuna kisa kingine kinachonifurahisha kidogo. Ile London School of Economics aliyoiongoza Mackinder, miaka ya 1930 ilimpokea mwanafunzi mmoja kutoka Ukikuyu. Alisoma elimu ya jamii na tamaduni chini ya Profesa Malinowski, na tasnifu yake ikawa kitabu mwaka 1938. Kichwa cha kitabu kinasema habari ya kuuelekea Mlima Kenya. Mwandishi ni Jomo Kenyatta. Mmoja aliuendea mlima ili aukanyage, mwingine aliandika kuhusu watu wanaouelekea bila haja ya kuukanyaga. Na tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, ndipo Mkenya Kisoi Munyao alipoupandisha mlimani, si kwa ajili ya jina lake, bali kwa ajili ya bendera.

Sasa nirudi kwenye ziwa.

Mwaka 1899 Mlima Kenya ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi ya hiyo haipo tena. Ule unaoitwa Gregory, jina la yule aliyegawa majina, umetoweka. Ule wa Lewis umepimwa kwa miongo mingi kuliko karibu mto wowote wa barafu wa nchi za joto, hasa na mwanasayansi Stefan Hastenrath, na hesabu zake hazifurahishi: kati ya 1934 na 2010 ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Kisha ukakatika vipande viwili. Wataalamu wanaeleza kwamba kupungua kwa mwanzo, mwishoni mwa karne ya 19, kulitokana sana na ukame, theluji ikawa haitoshi kufidia kilichoyeyuka. Baadaye joto likaja kumalizia kazi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya mwaka 2021 kwamba Mlima Kenya unaweza kuwa miongoni mwa milima ya kwanza duniani kupoteza barafu yake yote kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na binadamu.

Mara nyingi nasikia watu wakisema barafu ikiisha mito itakauka. Hili tuliseme sawasawa. Naro Moru na mito mingine ya mlima huu, inayokwenda Ewaso Ng'iro na Tana, inalishwa zaidi na mvua, msitu na vile vinamasi vinavyokumeza mguu. Barafu iliyobaki ni ndogo mno kuilisha nchi. Anayetaka maji alinde msitu. Barafu inapoondoka tunachopoteza zaidi ni ushahidi: ni daftari la hali ya hewa ya zamani, na ni sura ya mlima ambayo Wakikuyu, Wakamba, Waembu, Wameru na Wamasai wameitazama kwa vizazi na vizazi.

Na pia, kama tulivyoona, kuna majina yaliyoandikwa juu ya barafu hiyo.

Fikiria hali itakayokuwapo. Ramani ya Mlima Kenya imejaa majina ya vitu vinavyokufa. Gregory limebaki jina bila kitu. Lewis litafuata, na Tyndall, na César, na Joseph. Siku moja si mbali, wachora ramani watalazimika kukaa mezani na kuamua: tunaandika nini hapa palipokuwa na barafu? Watafuta? Wataweka mabano? Na pale chini ya miamba, maziwa mengine madogo yatazaliwa kwenye mabakuli mapya, kama hili la Lewis lilivyozaliwa. Yatahitaji kuitwa kitu.

Mimi si mtu wa kufuta. Sitaki Teleki aondolewe bondeni kwake, wala Mackinder kwenye kambi, maana ukifuta jina unafuta na swali linaloulizwa juu yake. Laiti lile ziwa lingekuwa na jina la kawaida, mimi nisingemuuliza mzee kuhusu Lewis, na haya yote nisingeyatafuta. Ninachotaka ni ukamilifu. Kwenye Kambi ya Mackinder pawekwe kibao kinachosema alikuja na watu wangapi, wa wapi, na wanane walipatwa na nini. Pangani, kwenye mji ule mkongwe unaotazama mto, watoto wa shule wafundishwe kwamba Jumbe Kimemeta alikuwa mtu wa hapo. Waandishi wenzangu wa Unguja, wenye nyumba ya nyaraka mlangoni kwao, watafute. Mikataba ya wapagazi iliandikwa, watu waliandikishwa, na kilichoandikwa kinaweza kupatikana.

Nilimwuliza mzee, tulipokuwa tukishuka kutoka ziwani, kama angetaka jina lake liwekwe mlimani baada ya kazi ya miaka yote hiyo. Akafikiri hatua kadhaa.

“Mimi najulikana na watoto wangu,” akasema. “Wale ambao hawakurudi kwa watoto wao, hao ndio wa kuandikiwa.”

Sina la kuongeza kwenye hilo. Maziwa mapya yanakuja, na kuna orodha yenye majina manane.